Kusamehe kwa Kalenda

Je, msamaha uliopangiwa tarehe ni msamaha kweli? Mimi swali hili hunijia kila Julai, Makunduchi, kusini mwa Unguja, wanapoadhimisha Mwaka Kogwa.

Asili ya sherehe hii ni Nairuzi, mwaka mpya wa Wairani. Kwao huingia karibu na tarehe 21 Machi, baridi inapoisha: nyumba husafishwa, watu huruka moto, wadogo huenda kuwaamkia wakubwa. Kwetu inaangukia Julai kwa sababu mwaka wa zamani wa pwani ulihesabiwa siku 365 tu, bila ile siku ya ziada ya kila miaka minne. Karne kwa karne, ukahama.

Makunduchi wanaume hugawanyika pande mbili na kuchapana kwa migomba. Wakishamaliza, kinyongo cha mwaka mzima kinahesabiwa kimeisha. Kibanda cha makuti huchomwa moto, wanawake huimba, kisha watu hula pamoja. Na ni mkosi nyumba kukosa mgeni siku hiyo.

Mtu atasema hayo ni maigizo. Moyo haufuati kalenda. Ana hoja. Tena kuna hoja nzito zaidi: mjane aliyenyang'anywa shamba na shemeji zake, mgomba utamrudishia nini? Ukimwambia naye asahau kwa kuwa mwaka umeisha, hapo umemdhulumu mara ya pili. Deni halifutwi kwa ngoma.

Lakini ugomvi wetu mwingi si wa namna hiyo. Huku kwetu Visiga unaweza kukuta ndugu wawili hawasalimiani kwa sababu ya hatua mbili za mpaka wa kiwanja, au neno lililotoka kwenye kikao cha harusi. Ukimuuliza kila mmoja pembeni, amechoka. Anataka yaishe. Kinachowazuia ni kitu kimoja tu: nani aanze? Anayeanza ataonekana ndiye mwenye kosa. Basi wanasubiri msiba uwakutanishe, na msiba wenyewe pengine ni wa mmoja wao.

Nadhani hicho ndicho wazee wa Makunduchi walikielewa. Siku ya mwaka haisamehi kwa niaba ya mtu, ila inamwondolea aibu ya kuanza. Hakuna aliyejishusha, siku imefika kwa wote. Moyo ukikuta mikono imeshapeana, wenyewe utafuata, taratibu.

Sisi tusio na siku kama hiyo, tunasubiri nini?