Siku ni ya Nani?

Neno "mvivu" ni jepesi kutamkwa, zito kuthibitishwa. Wanaume wengi wa Kisii na Nyamira walivuka kwenda Kericho kutafuta ujira katika mashamba ya chai, ambako kampuni ya Kiingereza ya Brooke Bond ilianza kazi katika miaka ya 1920. Na zama zile za ukoloni neno hilo lilikuwa kinywani mwa waajiri wengi. Aliyeacha kazi siku mbili akamzike jirani alihesabiwa mtoro.

Walakini watu hao hawakulelewa katika uvivu. Kwao palikuwa na risaga: mwenye shamba alipika pombe ya wimbi, majirani wakaja na majembe yao wakalima. Palikuwa pia na egesangio, kikundi kidogo kilichokwenda shamba hadi shamba kwa zamu. Asiyetokea kwa wenzake hakuwa na wa kumtokea. Kazi, basi, ilikuwa deni la mtu kwa mtu. Kiwandani ikawa deni la mtu kwa saa, na king'ora hakiulizi ni nani amefiwa. Chini ya mkataba wa tikiti, mshahara ulitolewa siku 30 za kazi zilipotimia. Siku ya msiba haikuwamo katika hesabu.

Nisidhaniwe kuwa nasifu ya kale yote. Mjane asiye na wimbi la pombe angeitisha risaga kwa kitu gani? Saa, kwa ubaridi wake wote, haikumwuliza mtu ghala yake ina nini.

Tena jani la chai halina kabila. Likisha kuchumwa huanza kugeuka, na sharti lifike kiwandani siku ile ile, linyaushwe, lisagwe, likaushwe, hata kama ni usiku wa manane. Viwanda vya Kebirigo, Sanganyi na Nyankoba, huko Nyamira, ni mali ya wakulima wenyewe katika mpango wa KTDA, iliyoanzishwa mwaka 1964. Wala humo saa haikuondolewa ukutani. Kumbe haikuwa saa iliyokuwa ngeni, bali ile hukumu iliyofuatana nayo.

Siku hizi mkulima mwenye hisa kiwandani husimama pande zote mbili. Jirani yake mwajiriwa akifiwa, na zamu ya usiku inamngoja, je, atamwita mtoro? Jibu lake litatuonyesha kama hukumu ile ilikuwa ya Mzungu, au ya kila mwenye mali.