Nyumba na Cheo

Je, ubaguzi wa makazi hutoweka pale sheria inapokoma kutaja rangi ya mtu? Kanuni ya ujenzi ya Wajerumani ya mwaka 1891, mjini Dar es Salaam, iliagiza aina ya nyumba kwa kila mtaa. Mwafrika asiyemudu nyumba ya Kizungu akatengwa. Huko Mwadui, mji uliozaliwa na almasi aliyoivumbua Williamson mwaka 1940, nyumba ilifuata cheo, na zama za ukoloni cheo kilifuata rangi. Leo ibara ya 13 ya Katiba yakataza ubaguzi, nayo ni ngao njema. Walakini mgawa nyumba hawezi kujitetea kuwa ametazama cheo tu, ikiwa njia ya kukifikia cheo hicho imezibwa.