Kulipa Kutazama Mchezo Toka Nje

Tarehe 18 Desemba 2010, TP Mazembe ya Lubumbashi ilicheza fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu huko Abu Dhabi, ikashindwa na Inter Milan 3–0. Watu wangapi wa Buluo wangeweza kusafiri mbali hivyo? Asiyeweza kufika uwanjani humlipa jirani mwenye televisheni. Je, jirani auza kisicho chake? Kiti na umeme ni vyake. Mchezo ni jasho la wengine. Huko Chicago wenye nyumba waliuza nafasi juu ya mapaa yanayotazama uwanja wa besiboli; mwaka 2004 walikubali kuipa timu asilimia 17 ya mapato. Ndiyo haki. Lakini mtoto maskini achunguliaye dirishani asifukuzwe: macho yake hayampunguzii mtu kitu.