Saa ya Augustino

Sisi wa Mtua tukiona jua limekuchwa, twajua ya kuwa ni saa kumi na mbili, na ya kuwa siku moja imekwisha na nyingine imeanza. Ndiyo sababu wazee husema usiku wa Jumapili hutangulia mchana wake. Desturi hii ndogo yatufungulia maana ya picha moja ya mbali.

Katika kanisa la Ognissanti, mjini Florence, nchi ya Italia, yumo Augustino, yule Mwafrika aliyezaliwa Thagaste mwaka 354, akawa askofu wa Hippo. Sandro Botticelli alimchora ukutani, juu ya chokaa mbichi, mwaka 1480. Augustino amekaa kati ya vitabu. Kofia yake ya uaskofu imewekwa kando. Karibu naye pana chombo cha mapete kionyeshacho mwendo wa nyota. Lakini hasomi wala haandiki. Mkono ameuweka kifuani, na macho ameyainua juu. Nyuma yake pana saa, na mshale wake umefika mwisho wa saa ya 24.

Mtu aliyezoea saa za Ulaya ya leo atasema ni usiku wa manane. Sivyo. Waitalia wa zamani zile walihesabu saa tangu jua kuchwa, kama sisi. Basi ni magharibi. Hadithi ya kale yasema ya kuwa saa ile Hieronimo alifariki Bethlehemu. Naye Augustino, aliyekuwa akitaka kumwandikia juu ya furaha ya watakatifu mbinguni, akaona nuru, akasikia sauti ikimwonya kwamba jambo hilo halienei katika akili ya mtu.

Hapa ndipo penye swali. Hadithi hiyo ilitungwa na watu wa baadaye, Augustino hakuiandika. Je, ni halali kujifunza kwa picha ya jambo lisilotukia? Twajibu: ni halali, ikiwa hatuiiti hadithi kuwa habari. Bwana wetu naye alifundisha kwa mifano, wala hapana aliyekwenda kuitafuta nyumba ya mwana mpotevu.

Tena tusigeuze kila mstari kuwa fumbo. Katika kitabu kimoja kilichofunuliwa mle pichani yamo maneno ya mzaha juu ya mtawa Martino aliyetoroka. Mwenye pupa angeyafanya kuwa unabii wa Martin Luther, ambaye alizaliwa mwaka 1483!

Nasi tufundishao, vitabu vyetu ni vichache kuliko vya Augustino, lakini kiburi chetu pengine si kidogo. Mwanafunzi akituuliza tusilolijua, twaona haya kunyamaza, nasi twabuni jibu. Kumbe huko ni kumdanganya mtu aliyetuamini. Jua likichwa leo, na tuikumbuke saa ya askofu yule: elimu ina magharibi yake, na mwenye hekima hufika hapo akainua macho.