Sikusikia Kinu

Waswahili tuna methali mbili ambazo, zikiwekwa pamoja, zitagombana. Ya kwanza yasema haraka haraka haina baraka. Ya pili yasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Wazee wetu hawakuona haya kuturithisha zote mbili, kwani walijua kwamba kila moja ina siku yake na mahali pake. Sisi ndio tuliozoea kuitoa ile itufaayo na kuificha nyenziwe. Katika makala haya nataka kuziweka zote mbili mbele ya bakuli moja la tambi, na kuuliza swali ambalo limenikaa rohoni tangu mwaka jana: mtu anayempikia mzazi wake chakula cha haraka, je, amemtimizia haki yake, au amempunja?

Kisa chenyewe ni kidogo. Mke wangu ni muuguzi, na siku mbili katika wiki zamu yake huwa ya usiku. Siku hizo mpishi ni mimi. Mama yangu, ambaye ameshapita miaka 80, anaishi nasi. Meno yake yamepungua na macho yake yameingia ukungu, lakini masikio yake ni mazima. Nami kazi yangu ni ya kukaa kitako. Nashinda na kamusi na karatasi nikitafsiri, ufundi ambao sikuupata darasani, bali niliuokota mwenyewe neno baada ya neno. Mara nyingi adhana ya Magharibi hunikuta bado napigana na sentensi moja, na wala sijakumbuka kwamba watu hula.

Binti yangu, aliyewahi kufanya kazi katika jiko la hoteli, aliponiona katika dhiki hiyo alinifundisha bakuli la tambi. Huchukuliwa tambi za mchele, zile kavu na nyembamba zinazouzwa kwa pakiti, zikatiwa katika bakuli, zikamwagiwa maji yaliyochemka na kufunikwa. Baada ya dakika chache, kwa kadiri ya unene wake, huwa zimelainika. Huchujwa na kupitishwa katika maji baridi ili zisigandane. Wakati huo karai liko motoni. Mafuta yakishapata moto hutiwa tangawizi na kitunguu thaumu, kisha kamba waliokwisha menywa, au mayai ikiwa siku hiyo sikufika sokoni, kisha karoti na kabichi zilizokatwa nyembamba mfano wa njiti za kibiriti. Moto uwe mkali na mkono usisimame, kwani mboga zikikaa zitatoa maji, na badala ya kukaangika zitachemka. Mwisho huingia tambi, vijiko viwili vya sosi ya soya, chembe za sukari na ndimu moja. Juu yake nanyunyiza kotmiri, na njugu nyasa nilizozivunja kwa mgongo wa kijiko. Tangu kuwasha jiko hadi kupakua ni dakika 20.

Usiku wa kwanza nilipomwandalia, mama alilipapasa bakuli, akausikia moto wake, akauliza, "Baba, umepika saa ngapi? Mimi sikusikia kinu."

Nikamjibu, "Hakikuhitajika kinu, mama. Hiki ni chakula cha haraka."

Akala vijiko vitatu vinne, akamshukuru Mola wake, akalisogeza bakuli kando. Hakusema kwamba ni kibaya. Alisema hivi tu: "Anayekupikia mbio, ujue ana safari."

Maneno hayo yalinichoma, na kama ilivyo kawaida ya mtu aliyechomwa, nilianza kutafuta hoja za kujitetea.

Kwanza nilijiuliza kama chakula hiki ni cha haraka kweli. Binti yangu hukiita chakula cha mtindo wa Asia, na jina hilo lilinikera, kama linavyonikera neno lililotiwa katika mshororo ili kutimiza mizani tu. Asia ipi? Bara hilo laanzia ng'ambo ya bahari yetu hii, na Maskati imo ndani yake kama ilivyomo Tokyo. Biriani yetu nayo ilitoka huko. Jina lisilomtaja mtu halimshukuru mtu. Basi nikaamua kulifuata bakuli langu kitu kwa kitu, kama nifuatavyo asili ya neno ninapotafsiri.

Nilianza na sosi ya soya, ile ninayoimimina kwa nukta mbili. Huko Japani, kwa njia ya jadi, hutengenezwa kwa maharage ya soya yaliyopikwa na ngano iliyokaangwa na kuvunjwavunjwa. Mchanganyiko huo hupandwa kuvu maalumu wanaouita koji, ukaachwa siku tatu hivi mahali penye joto, kisha ukatiwa maji ya chumvi na kuachwa uchachuke kwa miezi 6 na zaidi. Ndipo hukamuliwa. Tambi zenyewe ni mchele ambao watu wameuroweka, wakausaga, wakaupika, wakaukamua kuwa nyuzi na kuuanika. Kumbe zile dakika zangu 20 zimekalia migongo ya miezi. Mimi sikufupisha kitu. Nilifika mwisho wa kazi ndefu iliyofanywa na watu nisiowajua, nikaongeza moto.

Hata zile tambi zinazosifiwa kwa wepesi kuliko zote, za kumwagiwa maji ya moto na kuliwa, zina hadithi kama hiyo. Aliyezizua ni Momofuku Ando, mzaliwa wa Taiwan, katika kibanda nyuma ya nyumba yake mjini Ikeda, Osaka, mwaka 1958. Husimuliwa kwamba baada ya vita aliwaona watu wamepanga foleni ndefu katika baridi wakingoja bakuli la tambi, na picha hiyo haikumtoka. Alihangaika mwaka mzima mpaka akagundua kwamba tambi zikikaangwa katika mafuta maji yake huruka na kuacha vitundu vidogo, na vitundu hivyo ndivyo vinavyoyapokea tena maji ya moto. Zilipoingia sokoni zilikuwa ghali kuliko tambi mbichi. Leo dunia hula zaidi ya pakiti bilioni 100 za namna hiyo kwa mwaka. Mtu mmoja alingoja ili wengine wasingoje. Nasi tuwajuao malenga wanaojibizana papo kwa papo hatuna haja ya kuelezwa jambo hili: beti inayotoka kwa pumzi moja imepikwa miaka mingi.

Nilipofika hapo niliridhika. Nilijiambia kwamba mama amekosea, kwa kuwa hakuna chakula cha haraka, kuna chakula ambacho subira yake imefanywa na mwengine. Lakini hoja hiyo, msomaji wangu, ilinigeukia. Ikiwa subira yote ya bakuli lile ilitolewa na mkulima wa mpunga na mtengeneza sosi, mimi nilitoa nini?

Kabla ya kulijibu hilo ilinibidi nikitazame na kile chakula cha taratibu tunachokisifu. Wengi wetu, hasa wanaume wa rika langu, tunapozungumza juu ya mapishi ya zamani sauti zetu hulainika. Twakumbuka mlio wa mchi, mkwaruzo wa nazi juu ya mbuzi, tui likichujwa mara ya kwanza na ya pili, wali ukipaliwa makaa juu ya kifuniko. Chakula kilisikika kabla ya kulika, na aliyelala uwani akingoja alijua kwa masikio yake kwamba anafikiriwa. Hilo ndilo mama alilolikosa usiku ule. Ila tukumbuke kuuliza: mchi huo ulikuwa mkononi mwa nani?

Nilimuuliza mwenyewe. Akacheka kidogo, akasema kinu cha kwao alianza kukitwanga kabla hajafika kimo chake, akapandishwa juu ya kigoda. Kisha akasema jambo ambalo katika miaka yangu hamsini na kitu sikupata kulisikia. "Mimi nilikuwa hodari chuoni, baba. Nilitaka kuhitimu pamoja na kaka zangu. Lakini saa za kwenda chuoni ndizo saa za kukuna nazi."

Nilinyamaza. Mimi niliyejifunza kusoma na kutafsiri peke yangu nilikuwa nikijisifu kwamba sikusaidiwa na mtu. Kumbe kila usiku nilioinama juu ya kamusi nikiwa kijana, palikuwa na mwanamke jikoni aliyekuwa akinilipia usiku huo kwa saa zake. Chakula kile cha taratibu, ambacho leo twakiita heshima, kilitolewa katika umri wa mama zetu, dada zetu, na watoto wa kike walioletwa kutoka shamba kuja kusaidia kazi, na hakuna aliyeweka hesabu. Anayeitukana haraka ya leo bila ya kuitaja dhuluma ya jana anataka kula wali wa nazi na kumsahau aliyekuna.

Kwa hiyo naona swali letu lilikuwa limewekwa upande. Tulikuwa tukiuliza kama chakula ni cha haraka au cha taratibu, ilhali saa hazipotei wala haziongezeki. Huhama tu kutoka mkono mmoja kwenda mkono mwengine. Zilizookolewa hapa zimetumika kule, na zilizotumika hapa zimechukuliwa kwa mtu. Anachotakiwa mtu mwadilifu ni kujua anakula saa za nani, na kwamba zile alizobakiziwa anampa nani.

Na hapo ndipo hukumu iliponiangukia. Bakuli la tambi lilinibakizia, kwa uchache, saa nzima kila usiku wa zamu ya mke wangu. Saa hiyo niliipeleka wapi? Niseme kweli: nilikuwa nikimwekea mama bakuli lake kwenye kimeza, nikalichukua langu, nikarudi kwenye karatasi zangu. Nilikula nikisoma, naye alikula akisikiliza redio. Alipoambiwa kwamba chakula hakikuhitaji kinu, yeye alielewa zaidi ya nilivyosema. Alikuwa anajua safari yangu ni ya wapi. Ilikuwa ya hatua kumi na mbili, kutoka chumba chake hadi meza yangu.

Basi hatia haikuwa katika karai. Chakula kilikuwa laini kwa meno yake, kisafi, chenye ladha. Haki ya tumbo niliitimiza. Nilichomnyima ni kile ambacho kinu kilikuwa kikimpa kwa njia ya mlio, nacho ni habari ya kwamba yupo mtu karibu naye. Mtu aweza kutwanga mchana kutwa na moyo wake uko mbali, na mtu aweza kupika kwa dakika 20 akiwa hapo hapo. Lakini anayepika upesi ana wajibu mmoja ambao anayepika taratibu husamehewa: kukaa. Muda alioupata si faida yake peke yake, maana hakuufanyia kazi peke yake.

Mwaka 2005 wataalamu walitangaza kwamba huko Lajia, kaskazini-magharibi mwa China, kando ya mto Manjano, limefukuliwa bakuli la udongo lililopinduka, na chini yake zilikuwamo tambi za miaka 4,000 hivi. Mji ule ulifikiwa na maafa ya ghafla. Wataalamu walizungumza mengi juu ya nafaka iliyotumika, na hiyo ni kazi yao. Mimi nikisoma habari hiyo niliona jambo moja tu: bakuli lilijaa, na waliopikiwa hawakuwahi kukaa pamoja kulimaliza. Mwenye mzazi wa miaka 80 na zaidi asisomewe kisa hicho mara mbili.

Siku hizi nimebadili mambo machache. Tambi naziroweka huku nimekaa mlangoni pa chumba cha mama, na ule muda wa kulainika ndio muda wa yeye kuniuliza habari za mtaa. Kotmiri huichambua yeye, kwa vidole, bila ya kuhitaji macho. Njugu nyasa sizivunji tena kwa kijiko. Tumekitoa kile kinu kidogo cha thaumu kilichokuwa kimesahauliwa chini ya kabati, naye huziponda akiwa amekiweka mapajani, taratibu, kwa mapigo yaliyopangika kuliko mishororo yangu. Sikumrudisha kazini. Ameniambia mwenyewe kwamba tofauti aijua: zamani alitumwa, na sasa anashiriki.

Baada ya kula hubaki. Wakati mwengine humsomea nilichotafsiri mchana, naye hunisahihisha Kiswahili changu, kwani mwenye lugha ni yeye, na mimi ni mwanafunzi aliyeazima. Usiku mwengine twanyamaza tu, na sentensi iliyonishinda huniacha hadi asubuhi.

Jumatano ijayo mke wangu ana zamu ya usiku tena. Tambi zipo kabatini, ndimu zipo, na njugu nyasa mama ameshauliza kama nimenunua.