UNALILIA NG'OMBE WALIOKUFA? MUNGU ANAKUONA!

Kijana mpendwa, usiitupe karatasi hii. Hebu nikuulize: Je, tangu ule ukame umewahi kulia?

Wewe wa Marsabit, wa Samburu, wa Turkana, wa Isiolo, unajua ninachosema. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu 5 ya mvua ilipita bila mvua ya kutosha. Katika Kenya mifugo zaidi ya milioni 2.5 ilikufa. Watu wa mjini wanasema, "Si ni ng'ombe tu!" Lakini kwako ng'ombe ni karo, ni mahari, ni maziwa ya mtoto, ni heshima ya baba yako. Ulimwinua kwa mkia asubuhi. Jioni hakuinuka tena. Mwishoni mwa 2023 mvua ikaja, tena ikaja na mafuriko. Nyasi zikaota, boma likabaki tupu.

Na wewe umenyamaza, manake umeambiwa mwanamume halii. Unakunywa chang'aa, unatafuna miraa usiku kucha. Wengine wamewaza hata kujiua. Rafiki yangu, huo ni msiba ambao haujaombolezwa!

Shetani anakuletea uongo wa aina mbili.

Wa kwanza: "Umelaaniwa. Ni dhambi za baba yako." UONGO! Wataalamu waliouchunguza ukame huo walisema mwaka 2023 kwamba kuongezeka kwa joto duniani kumefanya ukame kama ule uwe rahisi kutokea mara 100 au zaidi. Joto hilo linaletwa hasa na moshi wa mafuta na makaa ya mawe. Je, moshi huo ulitoka katika boma la mama yako? Hapana! Sehemu kubwa ilitoka katika viwanda na magari ya nchi tajiri. Mnara wa Siloamu ulipoua watu 18, Yesu alikataa kabisa kwamba hao walikuwa waovu kuliko wenzao. Soma Luka 13.

Wa pili: "Mungu hana habari na wanyama." Soma Yoeli sura ya 1. Nabii anawasikia ng'ombe wakilia kwa kukosa malisho, naye anawaita wazee na makuhani waje kuomboleza. Kulilia nchi iliyokauka si dhambi!

Mtazame Ayubu. Alikuwa mfugaji kama wewe: kondoo 7,000, ngamia 3,000, ng'ombe jozi 500, punda 500. Vyote vikaenda siku moja, na watoto wake 10 pia. Alirarua joho, akanyoa kichwa, akaanguka chini. Lakini alianguka MBELE ZA MUNGU! Rafiki zake walikaa naye siku 7 bila kusema neno. Hapo walifanya vema. Waliharibu walipofungua midomo kumtafutia makosa.

Sikuahidi kwamba ukiokoka leo, kesho utakuwa na mifugo maradufu. Ayubu alipata, ndiyo. Lakini kabla hajarudishiwa hata mbuzi mmoja, alikuwa amekwisha kukutana na Mungu, na moyo wake ukatulia. Kupona kwake kulianzia hapo. Na kwako kunaweza kuanzia hapo.

Basi, fanya hivi:

1. Lia. Mtajie Mungu ulichopoteza, mmoja mmoja, kwa jina lake.

2. Usikae peke yako. Kama unawaza kujiua, mwambie mtu unayemwamini LEO HII, usingoje kesho.

3. Kisha simama. Tunza yule mbuzi aliyebaki. Linda kisima. Panda mti.

Omba pamoja nami:

"Bwana Yesu, unajua kilichokufa katika boma letu. Nimechoka kubeba msiba huu peke yangu. Nisamehe dhambi zangu, ingia moyoni mwangu, nifundishe kuishi tena. Amina."

Umeomba? Njoo pale mbele ya jukwaa mkutano ukiisha. Tutakaa nawe. Hatutakutafutia makosa.