Kicheko cha Kuazima

Jioni nyingi hapa Bariadi jamaa hukusanyika mbele ya televisheni kutazama mchezo wa kuchekesha. Katika baadhi ya michezo hiyo, kila neno hufuatwa na kicheko cha umati usioonekana. Mara nyingi umati huo haukuwapo kabisa. Katika miaka ya 1950 fundi Mmarekani, Charley Douglass, alitengeneza chombo chenye vicheko vilivyonaswa. Akibonyeza kitufe, hutoka kicheko akitakacho, cha mtu mmoja au cha kundi zima. Vicheko vile vile vikatumika katika mchezo huu na ule.

Je, huo ni uongo? Tusiwe wepesi wa kuhukumu. Liko yowe lililonaswa kwa ajili ya filamu Distant Drums ya mwaka 1951, nalo limetiwa katika filamu nyingi mno, hata Star Wars ya 1977. Hilo hatulilaumu. Mtazamaji ajua kwamba mwigizaji hafi; yowe ni vazi lake tu, na vazi huazimwa.

Lakini kicheko hakimvishi mwigizaji, kinamshuhudia. Chatuambia kwamba watu walikuwapo, wakafurahi. Hapo amri ya nane yagusa. Wasukuma, katika mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu, humpima mchezaji kwa umati: watu wakimhama, ameshindwa, wala hawezi kuwaita wale wa mwaka jana wamshangilie. Nasi twakiri kwamba tumepata kucheka mbele ya televisheni pasipo kuona cha kuchekesha, kwa kuwa tulisikia wengine wanacheka.